Sanamu la Chumba cha Injini

Jamani, mimi haya nilizaliwa nazo kama watu wengine, ila zote nimezimalizia ndani ya meli, tena meli yenyewe haiendi popote, imefungwa minyororo ufukweni iwe makumbusho, na kama mmeshaisikia hii habari kwa mtu mwingine pale soko la Kimironko, Kigali, basi isikilizeni tena kwangu mwenye aibu yangu, maana wale wenzangu wanaongeza chumvi (ingawa kusema kweli haihitaji chumvi).

Mnanijua, Neema, mtu wa Muheza, nauza vitenge, na mdomo wangu haujawahi kupewa likizo. Mchumba wangu ni Fabrice, Mnyarwanda mpole mpaka unamwonea huruma, na siku hiyo ndiyo alikuwa anipeleke nikaonwe na baba yake kwa mara ya kwanza. Baba mwenyewe alikulia Karagwe, Kiswahili anakijua vizuri, akarudi kwao akawa mtu wa ofisi mpaka akastaafu, amefiwa na mkewe, anakaa Kagarama hukohuko Kigali kimya kama jirani asiyekuwepo, hata picha yake sijawahi kuiona. Yeye ndiye wa kusema ndiyo au hapana, na akisema hapana hakuna posa itakayotoka Kigali kwenda Muheza. Kwa hiyo nilikuwa natetemeka, msinione nacheka sasa hivi.

"Neema, nakuomba kitu moja tu," Fabrice aliniambia. "Papa hapendi makelele. Ongea kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo kuliko hivi."

Sasa kwa nini meli? Kwa sababu Diane, dada yake Fabrice, ndiye anayetembeza wageni mle ndani. Ni meli ya zamani ya mizigo, ilikuwa inabeba kahawa na saruji kwenye ziwa Kivu tangu wazee wetu hawajaota ndevu, ilipochoka wakaipaka rangi, wakaweka masanamu yaliyovalishwa kibaharia, watu wanakwenda kuishangaa. Mzee alikuwa ametangulia kwa Diane tangu jana yake, ikapangwa tukutane hukohuko, kwamba nje ya nyumba mambo yatakuwa mepesi. Tukatoka Kigali Jumamosi alfajiri, na mimi kwenye gari nikawa nafanya mazoezi ya kunyamaza. Kufika Muhanga nilikuwa nimeshapumua kwa nguvu mpaka Fabrice akauliza kama natapika.

Tulipofika akaenda kuegesha gari, akaniambia nitangulie ndani. Nikapanda ngazi, nikaingia chumba cha usukani, nikamkuta mzee mmoja wa heshima zake, kofia nyeupe, mikono kwenye usukani, anaangalia ziwa. Moyo paa! Nikajua ndiye, mzee mkimya si ndiye huyo? Nikapiga goti kabisa kama nilivyolelewa, "Shikamoo baba." Kimya. Nikasema labda masikio, nikapandisha sauti, "Shikamoo baba, naitwa Neema!" Kimya. Mara nikasikia nyuma yangu watu wanachekea viganjani, mama mmoja mgeni akanigusa bega kwa huruma, "Dada, uyu ni sanamu."

Mimi! Mimi ninayevalisha masanamu ya dukani kwangu kila asubuhi, nayang'oa mikono, nayafuta vumbi puani, nayasogeza kwa kiuno kama magunia, ndiye niliyepigia goti sanamu mbele ya kadamnasi! Nilisimama nikajikung'uta magoti na palepale nikaamua (uamuzi mdogo tu jamani, hata nusu dakika sikuuwaza) kwamba ndani ya meli hii sidanganywi tena na kitu chochote chenye kofia.

Nikateremka chini kabisa, chumba cha injini, nikapoe huko wakati Fabrice anamtafuta Diane. Hapakuwa na mtu. Mitambo tu, mabomba, harufu ya oili ya zamani, na pembeni kwenye kiti, ahaa, huyo hapo mwingine! Babu wa plastiki, koti refu la buluu lenye vifungo vya shaba, kofia ya fundi mkuu, mikono juu ya magoti, anaangalia mbele hatikisiki. Nikamcheka. "Wewe hunipati," nikamwambia. "Mwenzako wa huko juu nimemwamkia mara mbili, inatosha."

Basi nikaanza kumkagua kibiashara. Kola ilikuwa imekaa upande, nikaiweka sawa. Nikambonyeza shavu, laini! Nikasema hawa Wazungu waliowauzia wametisha, haya yangu ya Kimironko ukiyabonyeza unaumia kidole. Tena lina joto, nikajijibu kwamba ni chumba cha injini lazima kuwe na joto (injini imezimwa miaka na miaka, lakini nani alikuwa anafikiri?). Nikavuta sikio kuona limegundishwa na nini. Kwenye kidevu kulikuwa na mvi zimepandwa mojamoja kwa ustadi, nikang'oa moja nikaitazama kwenye mwanga. Nikaona macho yamelowa kidogo, nikasema kweli watu wamesoma. Mkoba ulikuwa unaniumiza bega, nikautundika mkononi mwake.

Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza tangu Kigali na kifua kimejaa, nikasema ngoja nifanye mazoezi. Nikasimama mbele yake. "Baba, naitwa Neema, nauza vitenge, mimi ni mtu mtulivu." Nikacheka mwenyewe. "Uongo mtupu, babu. Mimi makelele ninayo. Na huyo baba yake Fabrice wanasema ana uso kama mlango wa benki siku ya Jumapili, sasa nitaongea naye nini? Lakini mtoto wake nampenda, babu, nampenda mpaka nakosea kupima vitambaa. Akinikataa huyo mzee nitalia mpaka soko la Kimironko lifungwe."

Nikamkumbatia shingo, nikabandika shavu langu kwa lake, nikachomoza midomo, paf! Picha. Nikaiweka kwenye stetasi ya simu, nikaandika chini yake: *Nimepata mzee asiyenikataa.* Wateja wangu, kwaya yetu nzima, shangazi zangu wa Muheza, wote wapo humo.

Simu ikalia hata sijaiweka mfukoni. Fabrice, anahema. "Neema, toa ile foto! Toa sasa hivi!"

"Kwa nini? Kwani wanakataza picha?"

"Uko na nani?"

"Niko na sanamu."

"Neema," akasema, sauti imekauka, "ile sanamu ni Papa."

Loo! Sikugeuka. Shingo ilikataa. Nilibaki naangalia bomba moja lililoandikwa namba, naliomba linimeze. Kumbe kule kuna makoti ya kuazima ya kupigia picha, Diane alimvisha baba yake, akamkalisha, akamwambia asitikisike mpaka alete simu, na njiani akanaswa na wageni wenye maswali. Miguu ikaanza kusikika kwenye ngazi za chuma, Fabrice mbele, Diane nyuma yake, "Mana yanjye! Mana yanjye!", anamwita Mungu wake kwa Kinyarwanda, na wale wageni wote wa kule juu, pamoja na yule mama wa huruma, wamefuata wasipitwe.

Nikageuka. Sanamu likasimama. Likavua kofia, mkoba wangu mwekundu bado unaning'inia mkononi, likajikuna kidevu pale nilipong'oa mvi.

"Sanamu umeiamkia mara mbili," akasema, Kiswahili cha Karagwe kilichonyooka. "Mimi mzima umening'oa ndevu."

Ngazi nzima ililipuka kwa kicheko, hata Fabrice, mpole wangu, aligeukia ukuta mabega yanaruka. Mimi nilitaka kusema shikamoo, ikatoka hewa. Nikapiga goti palepale kwenye chuma, natoa machozi ya kweli, maana nilijua nimempoteza mwanaume wangu kwa ujinga wangu mwenyewe.

"Kwanza nilijua wewe ni mpiga picha wa hapa," mzee akasema taratibu. "Nikavumilia. Niliposikia unamtaja Fabrice, nikaona nikifungua mdomo sasa hivi huyu mtoto atakufa. Nikanyamaza." Akaniinamia. Uso ule wa benki, jamani, sijui niuelezeje. "Ni kweli ulichosema? Nikikukataa utalia mpaka soko lifungwe?"

"Ndiyo, baba," nikasema kwa sauti ya panya.

Akanishika mkono akaninyanyua, akanivisha mkoba wangu begani, akawageukia watoto wake. "Kimironko watu wengi wanakula pale," akasema. "Tusilifunge."

Fabrice alinibeba juu nikagonga kichwa kwenye bomba, wala sikuhisi kitu! Diane analia, yule mama mgeni naye analia na wala hatujui. Tulikula sambaza za kukaanga, wale dagaa wa Kivu, juu ya meli, na mzee aliongea siku hiyo mpaka Fabrice akaniuliza kwa siri nimempa nini. Nyumba yao ilikuwa kimya mno tangu mama yao afariki, mzee aliniambia tukiwa wawili, na mimi nikamwongezea sambaza kwenye sahani.

Picha nilitaka kuifuta, akakataa. Ameisafisha, ameitia fremu, ipo sebuleni Kagarama juu ya televisheni, midomo yangu imechomoza, yeye amekodoa macho, na kila mgeni anayekuja akiuliza "huyu ni nani?" mimi ndiye ninayepita na sinia la chai natakiwa nieleze. Posa imeshafika Muheza, mahari inajadiliwa, shangazi zangu wanaisimulia hadi kwenye misiba. Ila nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: simkumbatii tena mtu kwa ajili ya picha kabla sijamuuliza, kwa adabu zote, kama yuko hai.