Misumari ya Baba Mdogo

Viatu vyangu vya mbio nilivikata mwenyewe Njombe kutoka ubavu wa tairi kuukuu, vyembamba hata vikakunjika kiganjani. Nilivifunga kwa kamba tu, bila msumari, nikavifanyia mazoezi miezi mitatu.

Jioni ya kuamkia mbio za Makambako nilifikia kwa baba mdogo, fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi, sokoni. Nilipotoka kuoga nikakuta ameshavigongelea soli ya pili, nene, kwa misumari.

“Mwanangu, ulikuwa umevaa maganda,” akasema akicheka. “Sasa hata kuni utabebea.”

Kwetu mkubwa hafokewi. Nikasema, “Asante, baba.” Miguu ni yangu, mbio ni zangu, lakini hakuona haja ya kuniuliza.

Nikachukua koleo lake, nikaketi mbele yake, nikaanza kung'oa msumari mmoja mmoja. Kicheko kikamkauka.

“Utaviharibu,” akasema.

Alikuwa ameshaviharibu. Asubuhi nilipokaza kamba, mpira ulichanika kutoka tundu moja la msumari hadi jingine. Nilikimbia pekupeku, na kila kokoto lililonichoma nililitukana kwa sauti, tusi ambalo halikuwa la kokoto, lilikuwa la baba mdogo.