Mume Wangu Amenisamehe Dawa ya Zambarau

Admin, nifiche jina, ingawa wa rika langu wengi wameshazikwa na waliobaki hawana simu. Mimi ni nyanya wa miaka themanini na ushee, naishi huku Migori upande wa Masara, na anayeniandikia ni mjukuu wangu. Nimemwambia aandike kila kitu bila aibu, kwa sababu aibu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Niliolewa nikitoka ziwani, Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru, na huku wakaniita Nyar Nam, binti wa ziwa. Mume wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mpole, mwenye kucheka ovyo, na nilimpenda, sitaki kudanganya. Mwaka wa kwanza haujaisha nikashikwa na muwasho sehemu za siri, muwasho wa kukukosesha raha hata kanisani, na uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda. Siku hizi wasichana wanasema ni fangasi na wanaambiana hata kwa simu. Sisi tulinyamaza. Nilidhani sijui kuoga, nikawa najisugua kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, na kadiri nilivyojisugua ndivyo ilivyozidi. Kulala na mume kukawa mateso. Nikawa namdanganya kwamba niko kwenye siku zangu, mpaka akaniuliza, "Mikayi, hizo siku zako huwa haziishi?" Mikayi ni mke wa kwanza, na ndivyo anavyoniita mpaka leo. Nilicheka, kisha nikageukia ukutani.

Mtoto hakuja. Mama mkwe akasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mila, na kila mwezi alinitafutia kosa jipya. Mara nilipanda mahindi kabla yake, mara nilimjibu vibaya shemeji. Mimi mwenyewe nilianza kuamini tumbo langu limefungwa. Mwishowe niliaga kwamba naenda kumsalimia mama yangu, nikapitia hospitali ya misheni kule kwetu.

Nesi alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alinipima akasema, "Nyathina, mwanangu, huu ni ugonjwa wa kawaida, wanawake wengi wanaupata. Haufungi kizazi. Lakini kama unamkimbia bwanako kila usiku, mtoto atatoka wapi? Acha sabuni. Paka hii dawa mpaka iishe, na umwambie bwanako avumilie hadi upone." Nililia kwa furaha mbele yake. Dawa yenyewe ilikuwa maji ya zambarau kwenye kichupa, na ikigusa nguo haitoki.

Mume wangu sikumwambia. Nilijiambia nitapona kwanza, halafu atajionea mwenyewe. Nilifua shimizi langu nikalianika nyuma ya nyumba, juu ya ua wa mnyaa, mahali ambapo hapiti mtu. Mama mkwe alipita. Wakati huo maneno ya kupanga uzazi ndiyo yalikuwa yameanza kusikika barazani, na watu waliyaogopa sana. Alilishika lile shimizi kwa vidole viwili, akampelekea mwanawe aliyekuwa ameketi na ndugu zake. "Angalia," akasema. "Huyu Nyar Nam anajitia dawa ya wazungu ya kufunga tumbo. Wewe unajiua huko mashimoni, yeye anakumalizia nyumba." Alikuwa ameshaingia kwangu na kukitupa kichupa chooni.

Mume wangu aliniuliza, "Ni dawa ya nini?" Sasa niambieni, ningeanzia wapi? Mbele ya mama mkwe, mbele ya mashemeji, nitaje muwasho na mahali ulipo? Niliangalia chini. Wote wakachukulia kwamba nimekubali. Nilipojaribu kumweleza baadaye tukiwa wawili, alisema, "Hiyo habari ya dawa sitaki kuisikia tena katika boma hili," na akaondoka.

Wazee wakaamua nimlete mdogo wangu azae badala yangu. Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Alizaa watoto watano, wote wamenipitia mgongoni na wote wananiita mama. Muwasho uliisha pole pole nilipoacha sabuni, nikawa mzima kabisa. Hakuna aliyejua, kwa sababu mume wangu alikuja nyumbani kwangu kula tu, akishiba anainuka anakwenda kulala kwa mdogo wangu. Nilikuwa bado msichana. Hilo linaniuma kuliko yote.

Mdogo wangu tulimzika mwaka juzi. Sasa mzee ndiye mgonjwa na mimi ndiye ninayemlisha. Juzi juzi nikimpa uji akanishika mkono akasema, "Mikayi, mimi nakwenda. Sitaki kwenda na kinyongo. Ile dawa uliyotumia ukaninyima mtoto, nimekusamehe." Nilikuwa nimedhani aliisahau. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ananihurumia na kunilaumu, na mimi nikipika.

Nimwambie ukweli? Masikio yake yamekufa, lazima nipige kelele, na wakwe zangu, wake za wanangu, wako hapo mlangoni wakichambua mboga. Isitoshe, nitakuwa nimemwambia kwamba alinikimbia bure, na hana tena siku za kulia. Na hawa watoto wa mdogo wangu watajionaje? Mjukuu wangu anayeandika haya ametoka tumboni kwa mmoja wao. Hapa ameiweka simu chini akalia, nimemngoja.

Nikinyamaza, nitazikwa kando yake kama mwanamke aliyekosa akasamehewa. Na mimi sikukosa. Nilikuwa namtafutia mtoto.

Kila asubuhi ananiuliza, "Mikayi, umepokea msamaha wangu?" Mimi namwongezea uji. Ninyi mnaosoma, mngekuwa mimi mngemjibu nini? Nisaidieni upesi, kesho ataniuliza tena.