Plagi Zilizopakwa Nta

"Mtoto wa mrina asali ataijulia wapi injini?" Hivyo ndivyo walivyosema ndugu zangu nilipopanda treni kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa magari. Walisema nitaishia kuuza maji stesheni. Mwanangu, nilirudi Tabora na diploma, nikafungua gereji hapa mtaa wa Ng'ambo, nikanunua gari la familia kwa jasho langu, wala sikuchangiwa hata tairi. Sisemi haya kwa kujisifu. Na hata ningejisifu, nani angenikatalia?

Lakini ipo siku ambayo diploma yangu haikunifaa kitu, na leo unapopokea funguo za gari nataka uijue.

Asubuhi hiyo ililetwa habari kutoka kijijini Puge. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa hoi kitandani. Wawili hao hawakuwa wamesemeshana tangu mimi mdogo, na hakuna aliyetuambia kisa. Sasa dada mtu alikuwa ametuma ujumbe: "Mdogo wangu aje, nina neno lake." Mleta habari hajamaliza maji ya kunywa, mama ameshavaa, kashika na kidumu cha asali cha kumpelekea.

Gari lilikuwa linakohoa tangu juma lililopita. Plagi zilikuwa zimechoka, na nilikuwa nimeshanunua mpya. Nilizichagua kama inavyotakiwa: nilichomoa moja ya zamani injini ikiwa baridi, nikasoma namba yake, nikaipeleka dukani na kulinganisha na mpya, namba kwa namba, urefu kwa urefu. Muuzaji aliponiambia "zote sawa tu, fundi," niliondoka nikaenda duka lingine. Wewe nawe ukiambiwa hivyo, ondoka. Plagi ndefu kupita kiasi inagongwa na pistoni. Fupi inachoma vibaya na kujaa masizi.

Basi nikafungua boneti, na hapo akatokea baba mkubwa, kaka yake marehemu baba.

Ukoo wetu ni wa mizinga ya nyuki. Kwetu mkubwa ndiye anayefungua mzinga kwanza; mdogo akimtangulia ni kama amemtukana. Baba mkubwa alikuwa ameipanua desturi hiyo mpaka ikafika kwenye kila kitu chenye kifuniko. Sanduku la mahari, atafungua yeye. Gari la safari ya mgonjwa, atafungua yeye pia.

"Lete hiyo spana," akasema. "Safari kama hii haitengenezwi na watoto."

Nikampa. Shangazi zako walikuwa wamesimama pale, majirani wamesimama, ningefanya nini?

Akatoa bonge la nta mfukoni. Warina asali wanapaka nta kila kitu: zipu, bawaba, mnyororo wa baiskeli. Akaanza kuzipaka plagi zangu mpya kwenye nyuzi zake, zile zinazozungukia ndani ya chuma cha injini.

"Baba mkubwa, usipake. Nta inateleza. Ukikaza, mkono hautajua mwisho ni wapi."

"Marahaba," akanijibu.

Sikuwa nimemwamkia. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Akakaza. Mikono ile imepandisha mizinga mitini maisha yake yote. Kwenye plagi ya mwisho akaona haitoshi, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana akaning'inia. Nikasikia chuma kikilegea kidogo. Sauti hiyo fundi yeyote anaijua.

"Hapo umeharibu! Nyuzi zimelika! Tutafute gari lingine."

"Mnamsikia? Mungu hajatupa diploma wote, lakini macho ametupa. Washa."

Nikawasha. Gari likanguruma vizuri, na watu wakapiga makofi. Nikamgeukia mama, nikamwambia hatutafika na gari hili. Mama alimtazama shemeji yake, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mwanangu, twende tu. Usigombane na mkubwa wako mbele ya watu." Akapanda.

Tulikuwa tumeshaiacha Tabora nyuma, porini kabisa, kilipolia kishindo kama bunduki chini ya boneti. Plagi ilikuwa imechomoka na nyuzi za tundu lake kwenye injini. Jeraha la namna hiyo halitibiwi kando ya barabara. Mama alishuka na kidumu chake, akasimama juani mpaka lori la karanga likatuchukua, lori lililosimama kila kijiji kupakia magunia.

Tulifika Puge jua linazama. Mama akapiga hodi mlangoni kwa dada yake. Walioitikia ni wanawake waliokuwa wanalia.

Msibani watani hawakunihurumia, na mtani huwezi kumkasirikia. "Pisheni, pisheni! Fundi wa diploma anapita, plagi isije ikamruka mtu!" Maana baba mkubwa alifika kesho yake akasema kuwa plagi za mjini ndizo mbovu, na ukoo mzima ukamwamini. Alikufa akisema hivyo. Mama naye, kila alipoiona asali mezani, aliniuliza, "Hivi dada alikuwa na neno gani?" Aliuliza hivyo mpaka mwisho wake.

Ile injini niliitengeneza kwa mikono yangu. Wote walionicheka niliwapakia kwenye gari hilohilo, misibani na harusini, na hakuna aliyewahi kuniambia nilikuwa sahihi.

Basi shika haya. Badilisha plagi injini ikiwa imepoa. Izungushe kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo uweke spana, ukaze kidogo tu, na usipake kitu. Mzee akija, mwamkie, mpe kiti, mpe maji. Spana baki nayo, hata wakikucheka. Kicheko nilikivumilia, swali la mama ndilo lililonishinda.

Haya, chukua funguo. Mungu akufikishe kila uendako, na ukipiga hodi, yule uliyemfuata akuitikie mwenyewe.