Shimo la Udongo Lililonila Vidole Vitatu

Udongo ulinifika kidevuni. Mdomoni umejaa, puani umejaa, jicho la kushoto halifunguki. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa huko chini, juu yake limekaa bonge zito, na kila nikivuta pumzi nasikia vidole vinapondeka. Nilijikojolea. Sioni haya kusema, maana ndivyo ilivyokuwa. Mkojo ule ndio uliokuwa kitu pekee chenye joto mle shimoni.

Na nilinyamaza. Hata nilipotema udongo nikapata upenyo wa kupitisha sauti, sikupiga kelele. Nitaeleza kwa nini, na walionifunza kunyamaza nitawataja kwa majina yao.

Mie Mwanahawa binti Sefu, wa Mwananyamala. Shule sikwenda, nilisoma chuo cha Kurani tu, na haya naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mnisamehe herufi zikilala. Zamani nilikuwa mwanamke mwenye nguvu. Natwanga, napasua kuni, nabeba ndoo kichwani na mtoto wa jirani kiunoni. Mume aliniacha, nikarudi kwa mama. Basi ile vita ya pili ya Wazungu ilipokolea, sufuria zikapotea madukani. Yako ikitoboka, imetoboka. Watu waliokuwa wakicheka vyungu vya udongo wakaanza kuvitafuta.

Mama akaniambia, "Nenda kwa Bi Tatu wa Kinondoni akufunze kufinyanga. Hapa umekaa tu unahesabu kuku wasio wako."

Nikaenda. Bi Tatu alikuwa fundi, hilo silikatai. Wiki tatu nzima hakuniacha niguse chungu. Kazi yangu kuokota vijiwe kwenye udongo, kutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, kuvichanganya, na kukanda mpaka mabega yawake moto. Kisha akanionyesha kusokota kamba za udongo, nene kama kidole gumba, unazizungusha moja juu ya mwenzake, unaziminya zishikane, halafu unaparuza kwa kipande cha kibuyu. Chungu changu cha kwanza kiliinama upande kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Huo ni mkono au mwiko?" akaniuliza Bi Tatu.

Asha, mpwa wake, tuliyekuwa tukijifunza pamoja, akacheka mpaka akakaa chini. "Shoga, hicho kipe fimbo kitembelee!"

Lakini mwezi wa nne nilianza kuupata. Sehemu ya mdomo wa chungu, inayowashinda wengi, mie vidole vyangu viliipenda. Siku moja Bi Tatu akakizungusha chungu changu, akasema, "Mdomo huu umekaa." Basi. Lakini nilirudi nyumbani nikijitazama vidole njia nzima. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na sikuwahi kuambiwa nina kitu ninachokijua.

Sasa, sikilizeni desturi yenyewe. Udongo mzuri, mweusi, unaovutika, ulikuwa bondeni, chini kabisa ya ukingo, kupita ua wa minyaa. Ukishavuka minyaa ile, hapasemwi. Si neno, si kumwita mwenzako jina, si kuguna. Mnaelekezana kwa mikono mpaka mrudi. Bi Tatu alitufunza kwamba mtu akisema shimoni, udongo unasikia, na vyungu vyote vitapasuka motoni. Na anayeingia chini kabisa ni mwanafunzi, ili udongo umzoee.

Tuliamini. Mie niliamini kuliko wote.

Na kuna Mzee Kondo, jumbe wetu, mwenye amri juu ya mtaa na bonde lile. Watu walikuwa wanajenga kila upande wakati ule, na wajenzi wakichimba udongo wa kukandikia palepale, kwa chini, ukingo ukabaki kama kibanda kisicho na nguzo. Masika yaliyotangulia kipande kiliporomoka kikafukia mbuzi. Asha na mie tulikwenda kumwambia.

"Mbuzi si mtu," akasema Mzee Kondo. "Akifukiwa mtu, njooni mnijulishe."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi tukavuka minyaa watatu. Nikaingia chini na jembe la mkono, Asha katikati akipokea kikapu, Bi Tatu amesimama juu. Nilipofika kikapu cha tatu nikasikia vitu vinanidondokea shingoni, kama mchanga. Nikajikung'uta. Vikadondoka tena. Nilitaka kuuliza ni nini. Ulimi ulikuwa mdomoni, mzima, na sikuuliza.

Nikainua macho. Bi Tatu hakuwa ananitazama mie. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kwenye ukingo. Akajiziba mdomo kwa kiganja, akarudi nyuma hatua mbili. Nikasema moyoni, anarudi nyuma kwa nini?

Hapo ukashuka.

Asha ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Anasema Bi Tatu alikimbia akiwa amefunga mdomo, akapita minyaa, na huko ng'ambo, panaporuhusiwa kusema, ndipo akapiga yowe. Asha hakukimbia. Aliruka shimoni akawa anaparura udongo kwa kucha, analia, "Mwanahawa! Mwanahawa! Nijibu, mbwa we, nijibu!" Kwa jina langu lile ndipo nami nikaguna. Nilimwona kama ananiruhusu.

Wajenzi wakaja na majembe. Wakanitoa, wakanilaza juu ya kitanda cha kamba, wakanipeleka mpaka barabarani, nikapakiwa lori la mkaa hadi spitali ya mjini.

Mbavu mbili zilivunjika. Kwa mwezi mzima nilikohoa makohozi meusi yenye mchanga, unausikia kwenye meno. Lakini tatizo lilikuwa mkono. Siku ya tatu vidole vilikuwa vyeusi. Siku ya nne vilinuka, na mwanamke wa kitanda cha pili akaomba kuhamishwa. Sikumlaumu.

Daktari Mzungu akaja, akatazama, akaonyesha kwenye kiwiko cha mkono. Dresa, yule mfunga vidonda, kijana wa bara mwenye sauti ya polepole, akatutafsiria: "Anasema akate hapa."

Mama akapiga magoti. "Baba, huo mkono wa kulia. Atakula na nini? Atafinyanga na nini?"

Dresa akazungumza na Mzungu kwa muda. Kisha akaniambia, "Dada, amekupa siku mbili. Nitakusafisha mie mwenyewe, asubuhi na jioni. Itauma sana. Piga kelele kadiri utakavyo."

Nilipiga kelele. Walinisikia hata barabarani. Siku ya pili uozo ulikuwa haujapanda, wakakata vidole vitatu tu, vya katikati. Kikabaki gumba na kidogo cha mwisho, na kiganja.

Nilirudi nyumbani mkono umekakamaa kama mguu wa kuku wa supu. Dresa alikuwa amesema ukunjwe na kunyooshwa kila siku, hata nikilia. Mama akaniwekea donge la udongo kiganjani. "Minya."

"Siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Niliminya nikilia. Ilipita miezi sita kabla donge halijaonyesha alama ya gumba. Ilipoonekana, mama alilichukua akaliweka dirishani, akalitazama kutwa.

Nikamwendea Mzee Kondo. Nikamwonyesha mkono, nikamwambia nimekuja kumjulisha. Akautazama, akasema, "Lakini hukufa." Akaendelea kula muhogo wake.

Nilianza kufinyanga upya kama mtu asiyewahi. Kamba za udongo nasokota kwa mkono wa kushoto. Nabana kwa gumba na kidole kidogo. Vilianguka, vilibonyea, nilivipiga teke. Kisha kimoja kikasimama. Hapo Asha na mie tukaenda bondeni, upande wa pili wa kijito, pasipo na ukingo, na tulisema njia nzima. Tulisema mle mle tukichimba. Tulitukana, tuliimba, nililiita jina langu na la baba yangu. Tukafinyanga vyungu saba, tukavikausha, tukavichoma. Vikatoka sita vizima. Kilichopasuka ni kile nilichokianika juani kwa haraka.

Sita. Nilikaa kando ya majivu nikavitazama, na sikufurahi hata kidogo. Maana nilijua sasa vidole vyangu vimekwenda bure.

Nikabeba kimoja mpaka Kinondoni. "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

"Udongo wa chungu hiki niliuchimba nikisema."

Akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia vizuri. Akakigonga tena.

"Bi Tatu, siku ile uliuona ufa wa ukingo?"

Akanirudishia chungu. Kisha akasema, "Nilikuwa na vyungu arobaini nyumbani, vinangoja moto." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Haya yamepita miaka mingi. Nashukuru Mungu, nala, nafinyanga, napumua. Namshukuru mama, ambaye ametangulia. Namshukuru dresa yule, popote alipo. Asha simshukuru, maana ni wangu, nitamshukuruje? Wewe unayeumwa na umekatwa kitu, usikiache kilichobaki kikauke. Kitese. Kikiuma, kingali hai. Na wewe unayejifunza kazi, ukisikia kitu kinakudondokea shingoni, uliza kwa sauti, hata aliye juu yako akikasirika.

Nimeandika leo kwa sababu juzi nimemwona Bi Tatu, mzee sasa, anavuka minyaa na wasichana watatu wapya. Mdogo wao ndiye aliyeshika jembe. Ukingo bado umening'inia, na Mzee Kondo bado ndiye jumbe.

Basi Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitakuwa barazani kwa Mzee Kondo. Namtaka Bi Tatu aje aseme mbele ya watu, na mbele ya wazazi wa wasichana wale, kwa nini mie nilikuwa na thamani ndogo kuliko vyungu arobaini. Namtaka Mzee Kondo aseme ni maiti wangapi wanamtosha hata alifukie shimo lile. Nitakaa hapo hapo. Sitaondoka kwa salamu, wala kwa kahawa, wala kwa kuambiwa yamepita. Mmoja wao atanijibu.