Kona ya Fromaji

Kila nikikata fromaji, ile jibini ya Masisi, ile harufu ya maziwa na chumvi hunirudisha Mabanga, mtaa wa utoto wangu, kwenye meza yetu iliyoyumba juu ya sakafu ya mawe ya volkano.

Jioni moja mama alituachia robo ya fromaji ya mviringo, mimi na dada yangu mkubwa. Shuleni nilikuwa nimefundishwa pembe kwa Kifaransa, nami sikuelewa kitu. Dada akaigusa ncha ya ile robo kwa kisu.

“Angalia. Kona hii iko degre makumi kenda. Nikiikata, vipande viwili njo komplementeri, pamoja vinajaza kona yote. Chako kikikuwa kikubwa, changu kinakuwa kidogo.”

Akakata, nikachukua kikubwa.

“Na suplementeri?” nikauliza, mdomo umejaa. Nilidhani hiyo ni nyongeza tu, kama ile ambayo mama muuza maharagi hutupia juu ya kipimo.

Dada akacheka. “Hapana, mutoto. Ile ni nusu ya fromaji, kona yenye imenyooka kama mustari, nayo inagawanywa vilevile. Hakuna nyongeza mule. Kile chenye mumoja anakamata, njo kile chenye mwenzake anakosa.”

Kesho yake nilijibu darasani bila kosa, na mwalimu akaamuru nipigiwe makofi. Nikatazama chini. Dada alikuwa nyumbani akifua, kama kila siku tangu mwaka ule wa shule uanze, na miguuni nilikuwa nimevaa viatu vyake vya shule, vimejazwa karatasi mbele ili vinitoshe.