Daftari Lisilo na Vema

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Kibuli, nikisubiri barua ya mjukuu wangu, mama mmoja akaingia na kulitupa daftari mezani.

"Muhula mzima hakuna alama ya vema hata moja! Huyu mwalimu wa hesabu kazi yake kuandika 'Umejuaje?' Nipeni barua ya uhamisho leo, mtoto wangu aende kwenye shule inayofundisha."

"Tulia, nyabo, tulia mama," mwalimu mkuu akasema. Akaagiza aletwe mwalimu huyo pamoja na msichana mwenyewe, wa darasa la nne. Walipofika akasema, "Haya binti, mia nne na mbili, toa mia moja sabini na nane."

Msichana akaandika kwenye daftari: 376.

"Umeona?" mama akapiga makofi. "Akili anayo!" Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. Na mimi nikaitikia, maana nani abishane na ofisi? Mwalimu wa hesabu alikunja mikono tu, akimtazama msichana.

"Ngojeni kwanza," mtoto akasema. "Nikirudisha mia moja sabini na nane kwenye jibu hili, inapita mia tano. Sisi tulianza na mia nne na mbili." Akakata jibu, akaandika 224, akajumlisha chini yake, ikarudi 402.

"Nani amekuambia umekosea?" mama akauliza.

"Hakuna mtu. Nimejiuliza nimejuaje."

Neno uhamisho halikusikika tena. Mwalimu hakungoja kuombwa radhi; alirudi darasani na mwanafunzi wake, wakatuacha sisi watu wazima watatu tukihakikisha kwa vidole.