Mifuko Niliyoishonea Bastola

Nilikwenda Jeda kufanya kazi za nyumbani, lakini kwetu Mombasa nilikuwa fundi cherehani. Nilishona sare za shule na madera katika kibanda cha sokoni, mpaka safu yetu yote ilipobomolewa kupisha barabara. Miaka ile kila mtaa ulikuwa na mtu aliyekwenda Saudia au anayejiandaa kwenda. Wakala alinikuta nimekaa bila kazi, na sikumsumbua kwa maswali mengi.

Nyumba niliyopelekwa ilikuwa mtaa wa Al-Nuzha. Baba wa nyumba alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu, mwenye duka Jeda na jingine Riyadh, na mara nyingi aliendesha gari mwenyewe baina ya miji hiyo akiwa na mzigo. Alikuwa mtu mpole asiyependa kelele. Mkewe, ambaye nilimwita madam kama tulivyofundishwa na wakala, aliwahi kuwa mwalimu. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya, na kazi yangu haikuwa mbaya ukilinganisha na niliyoyasikia kwa wenzangu.

Baba alikuwa na leseni ya silaha. Bastola yake ya zamani ilikuwa kubwa na nzito, ikiivuta kanzu upande mmoja, na yeyote sokoni aliyekuwa na macho aliiona. Jioni moja gari lilimfuata kutoka dukani mpaka karibu na nyumbani, kisha likakata kona na kupotea. Hakuna kilichotokea. Lakini tangu hapo alikuwa akizunguka mitaa kadhaa kabla ya kuingia langoni, na usoni alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu wengine hawakisikii. Alipokwenda Riyadh tena aliiuza ile kubwa, akarudi na mpya, ndogo, nyembamba, ya kuenea kiganjani.

Madam alikuwa amewahi kuniona nikirekebisha upindo wa gauni lake. Ndiye aliyemwambia mumewe kwamba najua kushona. Siku hiyo baba aliniita, akaitoa bastola risasi zote mbele yangu, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi pamoja na kanzu yake. Alitaka mfuko wa siri upande wa ndani, ambao mkono ungeufikia kupitia mpasuko wa mfuko wa kawaida. Nilikuwa naogopa hata kuikaribia ile bastola, lakini niliipima kwa uzi, nikakata, nikashona, na ndani nikaweka bitana ya flaneli ili isigongegonge nyonga yake. Alipoivaa kanzu alitembea ukumbini kwenda na kurudi. Hakuna kilichoonekana. Madam alicheka kidogo, naye akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijihisi fundi tena.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda jangwani nje ya mji, kama familia nyingi zinavyokwenda, na zulia, birika la chai na mkaa. Baba alipanga makopo mbali kule kwenye mchanga. Risasi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilipotoka, ganda lake halikuruka nje. Lilibanwa pale juu, limesimama wima kama mwiba wa samaki kooni. Alilitoa kwa vidole, akafyatua tena, likabanwa tena. Alisema kitu kipya lazima kizoeleke kwanza. Tulikunywa chai, tukakunja zulia, tukarudi mjini.

Haikuzoeleka. Alinunua risasi za aina nyingine, akanunua mafuta mengine, akawa anaisafisha mpaka madam akalalamika juu ya harufu. Wakati mwingine alivuta kifyatulio ikalia tk, basi. Siku alizokwenda kujaribu, nilijua matokeo kwa namna alivyofunga mlango wa gari.

Aliipeleka kwa fundi wa duka alikoinunua kule Riyadh. Aliporudi hakunigombeza. Alikuja nilipokuwa napiga pasi, akafungua kipande cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga.

"Hizi zimetoka ndani ya bastola," akasema. "Ni za mfuko wako."

Flaneli hutoa manyoya, na mimi nilijua. Niliona aibu anayoiona fundi mteja anaporudi na nguo iliyofumuka begani. Nikaubandua ule mfuko na kushona mwingine wa popolini. Bastola ikakwama. Nikashona wa satini, ikakwama. Mwisho madam alinipa mkoba wake wa zamani, nikaukata ngozi yake nikashona mfuko usioweza kutoa hata uzi mmoja, sindano ikinitoboa vidole. Na kwa huo pia ikakwama. Kila mara baba aliuchunguza mshono wangu kwenye mwanga wa dirisha, akinionyesha hapa na pale, na mimi nilijibu naam, baba.

Katikati ya mifuko hiyo mkataba wangu uliisha. Nilikuwa nimemwacha binti yangu kwa dada yangu, na nilikuwa nimemwambia kwamba mkataba ukiisha narudi. Niliomba kuondoka. Ruhusa ya kutoka nchini ilikuwa mkononi mwa kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, na kafili alikuwa yeye.

"Tumalize hili kwanza," akaniambia, akiigusa nyonga yake.

Nilimtazama madam, naye akainamia simu yake. Nimelifikiria sana jambo hili, na siamini kwamba alinizuia kwa ukatili, wala kwamba Jeda nzima ilikosa mshonaji. Maadamu kosa lilikuwa la mfuko, bastola ilikuwa nzima, na maadamu bastola ilikuwa nzima, yeye alikuwa salama. Ningeondoka, angebaki na nani wa kumrekebisha?

Majira ya baridi tulikwenda wote Riyadh, nyumbani kwa mama yake, jirani na Al-Murabba. Fundi wa bastola alikuwa ameomba auone mfuko wenyewe na ajue ulivyoshonwa, kwa hiyo tulitoka na gari nje ya mji mpaka kwenye shamba ambako duka lilikuwa na ruhusa ya kujaribia silaha. Madam na mimi tulikaa kiti cha nyuma, vioo vikiwa wazi. Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliugeuza mfuko wa ngozi, akaupitisha kidole ndani, akanirudishia. Kisha akaifungua bastola yote, akaipangusa kila kipande, akaifunga na kuifyatua mwenyewe. Haikuwa imegusa nguo ya mtu yeyote. Ikakwama. Akabadilisha kikasha cha risasi, ikakwama.

"Mfuko hauna kosa, na mkono wako hauna kosa," alimwambia baba. "Hii imezaliwa hivi."

Nilimsikia vizuri kutoka garini. Nilianza hata kuwaza nguo gani nitabeba na zipi nitaacha. Baba alirudi, akawasha injini. Alisema tu, "Basi si mfuko," nami nikangoja kingine, lakini hakikuja.

Duka liliirudisha bastola kwa walioitengeneza, ng'ambo. Miezi ile baba alisafiri bila kitu, akimpigia madam simu kutoka kila kituo cha mafuta. Nilipouliza tena juu ya kuondoka, madam alinisihi nisimwongezee mzigo. Bastola ilirudi na springi mpya na kijikaratasi kinachosema imetengemaa. Alikwenda kuijaribu peke yake, na siku hiyo ilifyatua zote, tena na tena, bila kusita. Alikuja nyumbani na boksi la peremende, akatugawia kwa mkono wake, akaniambia nianze kufunga mizigo. Nililala na furaha.

Wiki iliyofuata ikakwama kama zamani.

Duka halikutaka kuichukua tena. Leseni ilikuwa imeandikwa kwa silaha ile, na kuibadilisha kulihitaji mlolongo wa karatasi ambao hakuwa na nguvu nao tena. Akaacha kwenda kujaribu. Lakini kila asubuhi aliipachika kwenye mfuko wa ngozi na kutoka. Siku moja mezani madam alimuuliza kwa nini anabeba kitu kisichofanya kazi.

"Anayenifuata hajui," akajibu, akaendelea kula.

Duka lake la dhahabu la Riyadh alilifunga mwaka uleule. Nilidhani sasa zamu yangu imefika, maana hakukuwa na safari wala mfuko wa kushona. Aliniita sebuleni, akaniambia kwamba dada yake anayekaa Al-Shumaisi, kule Riyadh, amebaki bila mtu wa kazi, na kwamba karatasi za kunihamishia kwake ameshazikamilisha. Halas, imekwisha. Hakuniuliza, alinipa habari. Madam alinikumbatia langoni, akaninong'oneza kwamba alijaribu. Huenda ni kweli.

Kwa huyo dada nyumba ilikuwa ya ghorofa, yenye watoto wengi na ngazi nyingi. Madam alinipigia mara chache mwanzoni. Aliniambia baba siku hizi hatoki ikishapita alasiri, na kwamba anakaa na bastola hata sebuleni, milango yote imefungwa. Halafu simu zake zikakoma.

Binti yangu yeye hakuacha kupiga. Zamani kila simu ilianza na swali la narudi lini, na kila mara nilimtajia kitu, baada ya Ramadhani, baada ya Idi, ikama, kile kibali cha kuishi, ikishafanyiwa kazi. Siku moja niligundua kwamba halipo tena lile swali. Alinisalimu, akaniambia habari za shule, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula.